UZI: Fomu uliyojaza siku ya kwanza kazini inaweza kuushinda wosia wako (walio Marekani na wenye ndugu huko, piteni hapa)

Karani_wa_Madai

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kupitia madai ya bima. Naletewa makaratasi, naangalia kama yanasomana. Si wakili, na anayetaka wakili amtafute wa jimbo lake. Ila kuna uzi mmoja wa mirathi niliusoma juzi humu jamvini, watu wanaambizana "andika wosia, umemaliza". Nikasema hapana, hili siliachi lipite.

Kwa Marekani, bima ya maisha na akiba ya uzeeni ya kazini kwa kawaida hazipiti kwenye wosia. Zinakwenda kwa aliyeandikwa kwenye fomu ya mnufaika. Ile fomu uliyojaza wiki ya kwanza kazini, ukiwa hujui hata choo kiko wapi.

Chukueni kesi ya Egelhoff. Mfanyakazi wa Boeing, jimbo la Washington, alitalikiana na mkewe mwaka 1994. Miezi miwili na siku kadhaa baadaye akapata ajali ya gari, akafariki. Wosia hakuacha. Bima ya maisha ya kazini, dola 46,000, bado ilikuwa na jina la mtalaka, na pensheni hivyo hivyo. Jimbo lilikuwa na sheria inayosema talaka ikishatoka, jina la mtalaka linafutika lenyewe. Watoto wake wa ndoa ya kwanza wakaishika sheria hiyo. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2001 majaji 7 kwa 2 wakasema pesa ni za mtalaka.

Sababu ni kwamba mafao ya kazini yanasimamiwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, ile wanayoiita ERISA. Sheria hiyo inataka msimamizi wa mafao afungue faili, asome jina, alipe. Haitaki akahangaike na sheria za majimbo 50 kujua nani kaachika wapi. Kwa hiyo sheria ya jimbo inakaa pembeni.

Mtu atasema, basi mtalaka akubali kwa maandishi kwamba hadai kitu. Kesi ya Kennedy dhidi ya msimamizi wa mafao ya DuPont, 2009: mke alikuwa amekubali hivyo hivyo ndani ya hati ya talaka. Mume hakubadilisha fomu. Alipokufa kulikuwa na kama dola 402,000, zikaenda kwa mtalaka. Binti aliyesimamia mirathi akashtaki, akashindwa, majaji wote 9 wakiwa upande mmoja. Waliacha mlango mmoja wazi: hawakuamua kama mirathi inaweza kumfuata mtalaka baadaye na kumdai kile alichokubali kukiachia.

Kwa bima ya maisha ya wafanyakazi wa serikali ya shirikisho hata mlango huo umefungwa. Hillman dhidi ya Maretta, 2013. Mume kaoa tena, kafa, fomu ina jina la mke wa kwanza. Sheria ya Virginia ilimruhusu mjane amdai mtalaka. Mahakama ikasema hapana, na dola 124,558 zikabaki kwa mtalaka.

Nitaendelea chini, kuna sehemu ya udanganyifu wa matibabu ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikae niandike.

Mzee_wa_Pembeni

Mkuu umenitisha. Mimi bima yangu nimejikatia mwenyewe, si ya kazini. Nayo ni hivyo hivyo?

Karani_wa_Madai

Swali zuri mzee, na jibu ni tofauti. ERISA haiigusi bima uliyojikatia mwenyewe. Hapo sheria ya jimbo ndiyo inayotawala.

Kesi yake ni Sveen dhidi ya Melin, 2018. Bima ilikatwa 1998, jina la mke limeandikwa. Minnesota ikatunga sheria ya kufuta jina la mtalaka mwaka 2002. Talaka 2007, kifo 2011. Mtalaka akalalamika kwamba sheria imekuja baada ya mkataba, inauvurugaje mkataba wa zamani? Majaji 8 kwa 1 wakasema sheria ni halali, watoto wakapata. Lakini si kila jimbo lina sheria ya namna hiyo. Wewe fungua faili lako ubadilishe, uache kutegemea bunge likufikirie.

Kipanga_Mweusi

Swali la kizushi. Na kama mnufaika ndiye aliyemuua mwenye bima? 😂

Karani_wa_Madai

Hapewi 😂. New York kuna mjukuu alimwekea babu yake sumu ili awahi urithi kabla mzee hajabadilisha wosia. Wosia ulikuwa safi kabisa, umeandikwa vizuri. Mwaka 1889 mahakama ikamnyima. Tangu hapo karibu kila jimbo lina kanuni ya muuaji harithi.

Bint_Kanuni

Karani, umeandika vizuri lakini naomba nikuvute shati kidogo, maana watu watatoka hapa wakiamini fomu inashinda kila kitu.

Kwenye 401(k), ile akiba ya uzeeni ya kazini, na pensheni za ERISA, mke au mume wa sasa ana haki yake kisheria. Mtu akiwa na watoto wa ndoa ya kwanza, kawaandika kwenye fomu ya 401(k), kisha akaoa tena, yule mke mpya kwa kawaida ndiye anayechukua, labda awe amekubali kwa maandishi kuiachia, mbele ya mthibitishaji wa viapo au msimamizi wa mafao. Watoto wakija na fomu yao wanaambiwa pole. Kwenye bima ya maisha ya kazini hakuna haki hiyo ya mwenza, ndiyo maana watu wanachanganya. Mfuko mmoja wa mwajiri, kanuni mbili.

Halafu wazazi wanaowaandika watoto wadogo moja kwa moja. Kampuni ya bima haimkabidhi mtoto wa miaka 6 hundi. Pesa inasubiri mahakama iteue mlezi wa mali, na mlezi mwenyewe anaweza kuwa yule yule uliyemkimbia. Andika msimamizi wa mali ya mtoto chini ya sheria ya jimbo lako, au fungua amana (trust, mali inayoshikwa na msimamizi kwa ajili ya mtu mwingine) na uiandike hiyo amana kama mnufaika.

Karani_wa_Madai

Nimekubali kuvutwa, dada. La mwenza nililiruka na halikustahili kurukwa. Nimeona faili lenye hali hiyo hiyo, watoto wamekuja watatu na nakala ya fomu mkononi, na kazi ya kuwaeleza ikaniangukia mimi.

Mla_Riba

Wakuu, kodi je? Nimesikia ile kodi ya mirathi Marekani imefutwa mwaka jana.

Bint_Kanuni

Haijafutwa. Kiwango cha msamaha, yaani mali isiyoguswa na kodi, ndicho kilichopanda. Mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 13.99 kwa mtu mmoja, na kilikuwa kinatarajiwa kushuka karibu nusu mwaka 2026. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 ikazuia kushuka huko, ikaweka milioni 15 kuanzia 1 Januari 2026, na baada ya hapo kitapanda kufuata mfumuko wa bei. Kwa hiyo wengi wetu humu hatuhusiki na kodi ya shirikisho, tusijipe ukubwa.

Lakini kuna mambo mawili yanayowahusu hasa watu wetu. La kwanza, asiye raia na asiye na makazi ya kudumu Marekani hapati hizo milioni 15. Msamaha wake ni dola 60,000 tu kwa mali iliyoko Marekani. Ndugu aliyerudi nyumbani akaacha nyumba na hisa kule, warithi wake wanaweza kupigwa kodi ambayo raia mwenye mali mara mia haioni. Cha kushangaza, malipo ya bima ya maisha kwa mtu wa aina hiyo hayahesabiwi kuwa mali iliyoko Marekani.

La pili, mume au mke asiye raia. Raia akimwachia mwenza raia, hakuna kodi hata zikiwa bilioni. Mwenza asiye raia hapati unafuu huo mpaka mali ipitie amana maalumu. Kadi ya kijani haitoshi, ni uraia.

Na majimbo yana kodi zao: Oregon inaanzia milioni 1, Massachusetts milioni 2. Ukiwa na nyumba na bima yenye jina lako, milioni 1 unaifikia bila kujiona tajiri.

Mla_Riba

Subiri. Bima inaingia kwenye hesabu ya mali? Si inalipwa baada ya kufa?

Karani_wa_Madai

Inaingia kama ulikuwa na mamlaka juu yake: kubadilisha mnufaika, kuivunja, kuikopea. Mnufaika halipi kodi ya mapato kwa kawaida, lakini kwenye kodi ya mirathi inahesabiwa. Ndiyo maana wenye nazo wanaiweka bima kwenye amana isiyobadilishika tangu mwanzo. Ukiihamisha bima uliyonayo tayari, inabidi uishi miaka 3 baada ya kuihamisha, la sivyo inarudi kwenye hesabu.

Kwa wenye biashara za kifamilia, someni Connelly, hukumu ya 6 Juni 2024. Ndugu wawili wa St. Louis, kampuni ya vifaa vya ujenzi. Kampuni ikamkatia kila mmoja bima ya dola milioni 3.5, ili mmoja akifa kampuni inunue hisa zake na biashara ibaki kwa familia. Mmoja wao, mwenye hisa asilimia 77 na ushee, akafa 2013. Kampuni ikatumia milioni 3 kununua hisa. Msimamizi wa mirathi akasema kampuni ilikuwa na thamani ya milioni 3.86, hizo milioni 3 za bima msizihesabu maana zimeingia na kutoka. Mamlaka ya kodi ikasema siku anakufa kampuni ilikuwa na milioni 6.86, basi. Majaji wote wakakubaliana na mamlaka. Kodi ya ziada: dola 889,914. Wangekatiana bima wao kwa wao, ndugu kwa ndugu, pesa isingepita kwenye kampuni.

Mama_Mapacha

Samahanini, mimi nina swali lisilo la mamilioni. Mama mkwe alifariki miezi minne iliyopita. Alikuwa na Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Sasa muhtasari wa madai umekuja, umeandikwa katheta, ile mirija ya mkojo, kwa mamia. Mama hakuwahi kutumia katheta. Kampuni yenyewe hatuijui. Mume wangu ndiye msimamizi wa mirathi, anaogopa tutadaiwa.

Karani_wa_Madai

Pole sana dada. Na hapa ndipo nilipokuwa naelekea.

Hamko peke yenu. Tarehe 30 Juni 2025 wizara ya sheria ya Marekani ilitangaza mashtaka ya watu 324 kwa udanganyifu wa matibabu, 96 kati yao wakiwa madaktari, wafamasia, wauguzi na wenye leseni wengine. Jumla ya madai yaliyotajwa ni zaidi ya dola bilioni 14.6. Sehemu kubwa, bilioni 10.6, ni ya operesheni moja waliyoiita Gold Rush. Wahusika walinunua kampuni ndogo za vifaa tiba zilizokwisha kusajiliwa na Medicare, wakaweka wamiliki wa majina tu, kisha wakadai katheta na vifaa vingine kwa kutumia utambulisho wa kuibiwa wa Wamarekani zaidi ya milioni 1. Unanunuliwa mlango ulio wazi, unapitishwa mzigo, mwenye mlango hajulikani. Sisemi lenu ni la operesheni hiyo. Ila sura ni hiyo hiyo.

Fanyeni hivi. Msilipe chochote kwa mtu anayepiga simu. Angalieni tarehe za huduma: kama kuna tarehe baada ya kifo, hiyo peke yake inatosha kuwaamsha. Piga Medicare kwa namba iliyoko kwenye muhtasari wenyewe, usitumie namba ya mtu aliyekupigia. Kuna pia mpango unaoitwa Senior Medicare Patrol, uko kila jimbo, kazi yao ni kusaidia wazee na familia kusoma makaratasi haya, bure. Na mume wako aweke kila karatasi kwenye faili la mirathi. Deni halali la marehemu linalipwa kutoka kwenye mali ya marehemu, na msimamizi hatoi mfukoni mwake kwa sababu tu ni mtoto.

Ngoja nikuulize, alikuwa na Medicaid pia, ile ya serikali kwa wenye kipato kidogo?

Mama_Mapacha

Ndiyo, mwaka wa mwisho, alipokuwa nyumba ya wazee.

Bint_Kanuni

Hapo sasa kuwa makini, dada. Medicare na Medicaid majina yanafanana lakini tabia tofauti. Tangu 1993 kila jimbo linalazimika kudai kutoka kwenye mirathi ya aliyehudumiwa na Medicaid akiwa na miaka 55 na zaidi, gharama za nyumba ya wazee na huduma kama hizo. Nyumba aliyoiacha inaweza kudaiwa. Hawadai akiwa na mwenza aliye hai, au mtoto chini ya miaka 21, au mtoto asiyeona au mwenye ulemavu wa kudumu.

Jimbo likileta dai, mume wako asilipe jumla iliyoandikwa chini. Aombe orodha ya huduma moja moja na tarehe zake. Kama kuna huduma hewa humo, hewa hiyo inakwenda kulipwa na nyumba ya mama yenu. Udanganyifu wa matibabu watu wanaona ni wizi wa serikali, haumhusu mtu. Unakuhusu.

Mama_Mapacha

Nyumba ipo. Mungu wangu. Nashukuru sana, namwita mume wangu asome.

Kipanga_Mweusi

Lakini hawa wadanganyifu wakikamatwa si wanasema tu "tulikosea kujaza"?

Karani_wa_Madai

Wanasema sana! Na hili ndilo linalonishangaza katika sheria hizi. Kwenye fomu ya mnufaika wa mafao ya kazini, mahakama inakataa kuuliza marehemu alikuwa na nia gani. Kila mtu chumbani anajua Egelhoff hakutaka mtalaka apate. Fomu imesema, basi. Kwenye udanganyifu ni kinyume: karatasi ya uongo haitoshi, wanataka kujua ulichokuwa unawaza ulipoipeleka.

Sheria kuu ni ya mwaka 1863, enzi za Lincoln, wakati wafanyabiashara walipokuwa wanaliuzia jeshi vitu vibovu. Anayeidai serikali kwa uongo akijua, analipa mara tatu ya hasara pamoja na faini kwa kila dai. Neno "akijua" limepiganiwa miaka mingi. Mwaka 2023, kesi ya SuperValu: maduka ya dawa yalikuwa yanawauzia wateja kwa punguzo, huku serikali ikipelekewa bei ya juu kama ndiyo bei ya kawaida. Utetezi wao ulikuwa kwamba maneno "bei ya kawaida" yana utata, mtu mwenye akili timamu angeweza kuyaelewa walivyoyatumia wao. Majaji wote wakasema hatuulizi mtu mwingine angeelewaje, tunauliza ninyi wenyewe mliamini nini wakati ule. Barua pepe za ndani zikageuka ushahidi.

Mwezi huo huo wa Juni 2023 ikaja ya Dubin. Kampuni ya mwanasaikolojia ilizidisha dai la Medicaid kwa dola 338 kwa kupandisha sifa za aliyefanya kipimo. Serikali ikataka aongezewe kosa la wizi wa utambulisho, lenye kifungo cha lazima cha miaka 2, kwa sababu dai lilikuwa na jina la mgonjwa. Mahakama ikakataa: kila dai lina jina la mgonjwa, na huo ni uongo kuhusu huduma, mgonjwa mwenyewe hakuibiwa jina. Mimi naona walikuwa sahihi. Hawa wa katheta ni kitu kingine, wao jina lenyewe ndilo waliloiba.

Zamu_ya_Usiku

Nimesoma uzi wote kimya, sasa naomba niulize. Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani. Msimamizi wangu ananiambia nijaze masaa manane kwa mzee mmoja, wakati nakaa matano. Anasema Medicaid inalipa tu, mzee haumii. Nikikataa ananipunguzia zamu. Kwa maelezo yenu mimi ni mdanganyifu?

Bint_Kanuni

Dada, sikutishi, ila ile karatasi ya masaa ndiyo dai lenyewe, na saini ni yako. Msimamizi wako hajaandika kitu. Wachunguzi wakija, watakuuliza wewe kwanza.

Acha kuandika manane kuanzia zamu ijayo. Andika mahali pako binafsi tarehe, masaa uliyokaa kweli, na alichokuambia. Usichukue faili la mgonjwa ukaenda nalo nyumbani, usipige picha ovyo za taarifa zake, hilo litakugeukia. Halafu tafuta wakili wa kesi za watoa taarifa kabla hujamwambia mtu yeyote kazini. Sheria inakulinda usifukuzwe wala kupunguziwa zamu kwa kutoa taarifa: unaweza kurudishwa kazini na kulipwa mshahara uliokosa mara mbili.

Karani_wa_Madai

Niongeze. Mtoa taarifa anaweza kufungua kesi kwa niaba ya serikali, inakaa kwa siri kwanza serikali ichunguze. Ikifanikiwa, serikali ikiwa imeichukua kesi, anapata asilimia 15 hadi 25. Ikimwachia aendeshe mwenyewe, 25 hadi 30. Mwaka wa fedha 2024 zilifunguliwa kesi 979 za namna hiyo. Na wa kwanza kufungua ndiye anayehesabiwa, wa pili mwenye taarifa ile ile anakuta mlango umefungwa. Ila ukiwa umejaza uongo mwenyewe mgao unaweza kupunguzwa, ndiyo maana wakili anatangulia.

Kuna moja la kuliangalia. Septemba 2024 jaji mmoja wa shirikisho huko Florida, kesi ya Zafirov, alisema utaratibu huu wa raia kushtaki kwa niaba ya serikali unavunja katiba, kwa sababu mtoa taarifa anafanya kazi ya ofisa wa serikali bila kuteuliwa. Serikali na mlalamikaji wakakata rufaa. Mahakama nyingine za rufaa huko nyuma zimeukubali utaratibu. Wakili wako atakwambia jimboni kwako umesimamaje.

Zamu_ya_Usiku

Nimeelewa. Na masaa ya nyuma niliyokwisha kuandika manane? Ni kama miezi mitatu.

Bint_Kanuni

Hayo usiyaguse. Usirudi kufuta wala kurekebisha kimya kimya, ukifanya hivyo unatengeneza kosa jipya juu ya la zamani. Mweleze wakili yote kama yalivyo, mazungumzo yenu ni siri. Mazungumzo ya humu siyo, kwa hiyo usiandike zaidi ya hapa, jimbo wala jina la kampuni.

Zamu_ya_Usiku

Sawa dada. Nafunga mdomo.